Botobrashi fupi imegoma? Anza na majani, mbolea ingoje

Kuna huu mmea watu wa Nakuru wameupenda sana siku hizi, botobrashi ile fupi, maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa ya mtoto na majani membamba yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Kwa nasari za miche unaitwa Little John, na kwa wasomi ni Callistemon viminalis, ingawa wengine wameshauhamishia kwa jenasi ya Melaleuca, kwa hivyo ukiona majina mawili kwa kibao usishtuke, ni kitu kimoja. Kwao ni Australia mashariki, Queensland na New South Wales, na huko ile kubwa yake humea kando ya vijito. Hii fupi ikikua sana ni kama mita moja kwenda juu na mita moja upana, basi, haigombani na dirisha wala waya za stima.

Miti ya Australia tushaizoea bana, mkaratusi na grevilea ziko kila boma kuanzia Njoro mpaka Vihiga, na hapo ndio watu hupotea. Mtu anafikiria kila kitu cha Australia ni cha kupanda na kusahau. Ama anafanya kinyume, anaulea kama mahindi, mbolea ya DAP kwa shimo, ile ya naitrojeni ya CAN mvua ikianza, maji kila jioni na jivu kidogo la jikoni la kufukuza wadudu. Mimi nilikuwa huyo wa pili. Nilipanda tano kando ya ukuta hapa Kiamunyi, mbili zikaenda, na hizo tatu zilizobaki ndizo zimenifunza mengi ya haya naandika.

Sasa kabla hujatoa pesa yoyote agroveti, jiulize maswali mawili tu. Dalili imeanzia wapi, kwa majani machanga ya juu ama yale ya zamani ya chini? Na ukichimba na kijiti mpaka sentimita 10 hivi, udongo uko aje, umeloa ama umekauka? Nasema hivyo manake majani ya manjano peke yake hayakwambii kitu, yanaweza kuwa njaa, yanaweza kuwa maji mengi, yanaweza kuwa magadi, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Majani machanga ya manjano, mishipa bado kijani

Hii ndio ilinipata mimi na ndio nimeona kwa maboma mengi ya Nakuru, haswa estate mpya. Majani ya ncha yanatoka yamepauka, rangi ya limau, lakini ukishika moja ukaliinua juani unaona mshipa wa katikati bado ni kijani. Yale ya chini yako sawa kabisa. Ikizidi, machanga yanakuwa karibu meupe na ncha zinaungua.

Huo ni upungufu wa madini ya chuma, lakini usikimbie kusema udongo hauna chuma, udongo wetu una chuma ya kutosha. Shida ni kwamba udongo ukiwa na magadi ama chokaa nyingi, chuma inajifungia na mizizi haiwezi kuichukua. Sasa fikiria mahali nilipanda zangu. Pale kando ya ukuta ndipo fundi alikuwa anachanganyia simiti wakati wa mjengo, akimaliza anaosha karai hapohapo, na vipande vya plasta vimefukiwa chini. Juu yake nikawa nanyunyizia maji ya boholi, na maji mengi ya boholi huku Bonde la Ufa yana magadi na floridi, hiyo floridi ndio ile ya kufanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Halafu nikaongeza jivu. Jivu nalo linasukuma udongo upande uleule wa magadi! Yaani nilikuwa nafunga mlango mara tatu halafu nashangaa mgeni haingii.

Kupima si lazima maabara. Chukua udongo mkavu wa pale kwa mizizi, weka kwa kisahani, mwagia siki kidogo. Ukitoa vipovu ujue kuna chokaa ya mjengo pale. Usipotoa povu bado inaweza kuwa maji yako, kwa hivyo uliza maji yanatoka wapi.

Kutibu kuna ya haraka na ya polepole, na utahitaji zote mbili. Ya haraka ni mbolea ya chuma iliyofungwa ili isijifungie tena kwa udongo, na hapa soma pakiti vizuri, ukiona herufi EDDHA hiyo ndio inafanya kazi kwa udongo wa magadi, ile ya EDTA ni ya bei nafuu lakini udongo ukiwa na magadi sana inachoka haraka. Unaikoroga kwa maji kulingana na pakiti na unamwagia chini. Kunyunyizia majani pia kunasaidia lakini ni kama kunywa soda ukiwa na njaa. Matokeo yaangalie kwa majani mapya yatakayotoka wiki tatu, nne zijazo, usikae ukihesabu yale yaliyokwisha pauka.

Ya polepole ni kuondoa chanzo. Chimba utoe vipande vya simiti, acha jivu kabisa, tega maji ya mvua kwa pipa utumie hayo kwa botobrashi na yale ya boholi uoshee gari. Funika udongo na majani yaliyooza nusu, ya grevilea ni mazuri na yako bure, tandaza unene wa kama vidole vinne ila yasiguse shina. Unga wa salfa pia unashusha magadi, lakini unategemea vijidudu vya udongo kuufanyia kazi, kwa hivyo ni habari ya miezi, si wiki. Kama shimo lote ni kokoto za mjengo, wacha kujitesa, hamisha mmea mita mbili kutoka ukutani.

Sasa kama ni majani ya chini ndio ya manjano, jani lote, mishipa na yote, hiyo ni hadithi nyingine na ni rahisi. Ni njaa ya naitrojeni, mara nyingi kwa mmea umekaa kwa chungu miaka miwili bila kitu. Mpe mboji iliyoiva, ama salfeti ya amonia kijiko kimoja cha mezani kwa mmea mkubwa, ukiimwaga duara mbali na shina na maji yafuate. Na yakiwa ni majani machache tu ya ndani kabisa yanaanguka, huo ni uzee, achana nayo.

Imelala kama imekosa maji, na udongo umeloa

Shemeji yangu anakaa Nyamasaria, Kisumu. Alinipigia, "Shem, lile ua lako limelala, majani yameinama na yanakauka yakiwa bado kijani." Mimi bila kuuliza swali nikamwambia ongeza maji, Kisumu kuna joto. Akaongeza. Wiki mbili likafa kabisa, na bado huwa ananikumbusha nikienda huko.

Tulipoling'oa mizizi ilikuwa ya kahawia, ganda linachomoka ukivuta na vidole, na ina harufu ya mtaro. Nyamasaria ni blakoton, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na mvua ikinyesha unashika maji kama sufuria. Ukichimba shimo ndani yake na ujaze udongo mzuri, umetengeneza karai, maji yote ya pembeni yanakuja kukaa humo. Mizizi inakosa hewa, inaanza kufa, vimelea vya kuoza vinaingia, na mmea unalala kwa sababu hauna mdomo wa kunywa ingawa umesimama ndani ya maji.

Utaniambia, si ulisema kwao inamea kando ya kijito? Ndio, na kwa kweli botobrashi inavumilia unyevu kuliko Waaustralia wengi. Lakini kando ya kijito maji yanapita, na mafuriko yakija yanaondoka. Maji ya kutuama kwa shimo la blakoton ni kitu tofauti.

Kabla ya kupanda, chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena. Ikiwa kesho yake asubuhi bado kuna maji, usipande ndani ya ardhi hiyo. Panda juu yake. Jenga kilima cha udongo mwepesi, urefu wa sentimita 40 na upana wa mita moja ama zaidi, changanya na mchanga wa mto na mboji, panda juu ya kilima. Na ile tabia ya kuweka kokoto chini ya shimo ndio maji yapite, wacha, haisaidii, maji hayana pa kwenda yakifika kwa kokoto.

Kama mmea wako umelala tayari lakini ukikwaruza ganda la tawi bado ni kijani ndani, kuna tumaini. Acha maji. Inua mmea na udongo wake, kata mizizi iliyooza mpaka ufike palipo peupe, pogoa kama theluthi moja ya matawi ili mizizi iliyobaki isizidiwe, panda kwa kilima, uwekee kivuli wiki mbili. Usiweke mbolea hata kidogo, mgonjwa wa tumbo hapewi pilau.

Nakuru hii shida ni nadra, udongo wetu mwingi ni wa volkano, mwepesi, unapitisha maji kama chujio. Huku kwetu mmea ukilala kati ya Januari na Machi na kile kijiti kikatoka kikavu, ni kiu ya kweli. Mwagilia lita kama 10 polepole mara mbili kwa wiki kwa mwaka wa kwanza, badala ya kikombe kila jioni, manake maji ya kikombe hufunza mizizi kukaa juu juu. Ukishakomaa unapunguza.

Ncha za majani zimeungua kahawia

Kama udongo ni mkavu na kuna upepo, ni kiu. Kama uliweka mbolea wiki mbili zilizopita, ni mbolea. Sihitaji kusema mengi, ila hii DAP lazima niiseme.

DAP ni 18-46-0, hiyo 46 ni ya fosforasi, na udongo wa Australia ni mzee na maskini sana wa fosforasi, mimea ya huko imezoea kujibana. Botobrashi ni wa ukoo wa mpera, mkarafuu na mkaratusi (ponda jani unuse utanielewa) na ukoo huo una uvumilivu kidogo, DAP kijiko haitaua mmea mkubwa, lakini mche mdogo, mkono mzima chini ya mizizi, utauchoma. Ukinunua zile grevilea ndogo za maua hapo ni hatari zaidi, hizo ni ukoo mwingine kabisa, mizizi yake ina vifundo vya nywele za kunyonyea fosforasi kidogo iliyopo, ukiipa nyingi haijui kukataa, inakunywa mpaka inajiua. Kwa hizo DAP isikaribie, na samadi ya kuku pia.

Kama umeshachoma, mwagilia maji mengi siku moja, lita 20 hivi polepole, ili chumvi ishuke chini ya mizizi, acha ikauke kiasi, rudia baada ya siku tatu nne. Hiyo ni kwa udongo wa kupitisha maji, tafadhali si kwa blakoton.

Majani mazuri, afya nzuri, maua hakuna

Hii ndio swali naulizwa sana. Kwanza jua. Hesabu masaa, yakiwa chini ya sita ya jua lenyewe, si mwangaza, utapata majani tu. Pili, ulikata lini? Botobrashi hutoa maua kwa ncha za matawi, sasa kijana wa shamba akija kila mwezi na yale makasi marefu ya kukatia fensi ya kay-aple kuifanya iwe mviringo kama mpira, anakata maua kabla hayajazaliwa. Tatu, CAN nyingi, hiyo inasukuma majani tu. Nne, umri, mche wa kipandikizi, yaani uliooteshwa kwa kijiti kilichokatwa kwa mmea mama, unaweza kutoa maua mapema lakini uliotoka kwa mbegu unaweza kukuweka miaka kadhaa.

Wakati wa kukata ni mara tu maua yakishakauka. Angalia ile brashi iliyozeeka, nyuma yake utaona vibonge vigumu vimejipanga kwa tawi kama shanga, hizo ni mbegu, na mbele ya brashi tawi limeendelea kukua. Kata nyuma kidogo tu ya brashi. Hapo mmea unatoa matawi mawili matatu badala ya moja, na kila moja lina ncha yake, na kila ncha ni ua. Usipokata, tawi linaendelea kurefuka, vibonge vinakaa hapo miaka, na mmea unakuwa na miguu mitupu na nywele juu. Wangu mmoja ulifika hapo nikaurudisha kwa kukata theluthi ya matawi marefu kila mara mvua za Machi zikianza, polepole, si yote kwa siku moja. Unachipua hata kwa tawi gumu la zamani, ila hii fupi haina haraka, subira.

Na kama una subira ya kukaa kimya jioni, chozi watakuja, wale ndege wadogo wa mdomo uliopinda. Ile nyekundu unayoiona ni nyuzi za kiume za ua, petali ni vitu vidogo huzioni, na zile ncha za dhahabu ni chavua. Kwa hivyo usipulizie dawa ya wadudu wakati wa maua, nyuki wamejaa humo.

Majani meusi kama yamekaa karibu na jiko la makaa

Pitisha kidole. Ikitoka kama masizi, ni ukungu, lakini ukungu si ndio adui. Unakula sukari inayodondoka kutoka kwa wadudu wanaofyonza, wale wa magamba wanakaa kwa tawi kama vidonda vidogo vya kahawia, ama wale weupe wa unga. Fuata sisimizi, watakupeleka mpaka kwa mdudu, manake wanamfuga kwa ajili ya hiyo sukari na wanamlinda.

Kwanza kata tawi lililojaa zaidi. Halafu sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, ama mafuta ya mwarobaini, nyunyizia jioni, chini ya majani na kwa matawi. Jaribu tawi moja kwanza usubiri siku mbili. Rudia kila wiki kama mara tatu, manake wale wadogo ndio hufa kirahisi, wazee wana gamba. Zuia sisimizi pia, matawi yasiguse ukuta. Masizi yenyewe mvua itayaosha.

Imekauka ghafla, na ukiivuta inatoka mkononi

Watu wa Kakamega, Busia, Siaya, hii ni yenu. Ikitoka na shina limetafunwa kwa mstari wa udongo, na kuna vijia vya matope, ni mchwa. Wanapenda miche ya huu ukoo, muulize yeyote aliyepanda mkaratusi huko. Hupenda sana mmea ulio na kiu, kwa hivyo mwagilia kiangazi, na matandazo yasiguse shina kabisa. Ondoa visiki na mbao za kuoza karibu. Kichuguu kikiwa bomani kishughulikie chenyewe, mpaka malkia atoke, la sivyo utapanda kila mwaka.

Kama haijatafunwa, angalia mizizi. Ikiwa imejizungusha kama springi, umbo la ile tyubu nyeusi ya nasari, basi ulinunua mche uliokaa nasari miaka. Hii hutokea hata baada ya mwaka mmoja, upepo ukija mmea unaegemea. Ukinunua, omba uonyeshwe chini ya tyubu, mizizi minene ikiwa imetoka nje usibebe. Na ukipanda, chana pande za mizizi na kisu mara tatu nne, usiogope.

Niliambiwa ni fupi, sasa imefika kwa paa

Pole. Huna mgonjwa, una mmea mwingine. Little John haitoki kwa mbegu, lazima kipandikizi, kwa sababu mbegu hurudia ule mkubwa wa mita tano ama zaidi. Muuzaji akiwa na mbegu na haraka atakuuzia yoyote. Mtazame majani, ile fupi ya kweli yana rangi ya kijivu-buluu, mafupi na yamebanana, kubwa yana kijani cha kawaida, marefu, na matawi yanainamia chini kama nywele zimelowa. Kukata kila mwezi ili ibaki fupi hutashinda, utakosa maua tu.

Moja kati ya zangu tatu ilikuwa hivyo. Niliihamisha mapema nyuma karibu na tangi la maji, saa hii imepita tangi lenyewe, na chozi wamejenga humo. Kando ya ukuta nimebaki na mbili, na hizo sasa ziko kijani mpaka kwa ncha.